Kigae cha Jiwe la Tisa

Jiwe la tisa lilikuwa limelazwa ubavu kwenye majani, na pale liliposimama palibaki shimo lenye kina cha mkono mmoja. Soeiro Godins, msaili wa mfalme wa Ureno, alipiga magoti ukingoni, akakunja mikono ya kanzu yake nyeusi, akaanza kuchokoa udongo kwa ncha ya kisu kama anayetoa mwiba.

"Taratibu, mwenzangu," Nuño Alvítez alimwambia kutoka kwenye kigoda. "Ukivunja kitu humo ndani, watu wangu watasema umevunja makusudi."

"Na wangu watasema ni wewe uliyenisukuma."

"Nikusukume na mguu huu? Mguu huu hausukumi hata paka."

Nuño alikuwa msaili wa mfalme wa Kastilia, mtu mnene mwenye jongo, aliyepandishwa mlima ule juu ya nyumbu huku akilaani kila kona. Mapatano ya wafalme wawili yalisema hakuna shauri la mpaka litakaloamuliwa na upande mmoja. Basi kwa miaka kumi na moja wawili hawa walikuwa wakizunguka mpakani pamoja, wakila chungu kimoja na kubishana juu ya kila kichaka.

Nyuma ya kamba walisimama watu wa vijiji viwili: wa Mourel upande wetu wa Ureno, wa Robledino upande wa Kastilia. Katikati yao, mikono imefungwa, alisimama Paio Gomes, mkata manyoya wa Mourel. Alikuwa amekamatwa alfajiri moja na mtaimbo mkononi, kando ya jiwe hilihili. Robledino walidai amelisogeza hatua arobaini ili chemchemi ya kunyweshea kondoo iangukie Mourel. Mapatano hayakuwa na mzaha katika jambo hilo. Anayehamisha jiwe hukatwa mkono wa kulia juu ya gogo, mbele ya vijiji vyote viwili. Gogo lilikwisha kuletwa. Siku iliyopangwa ilikuwa Jumamosi, na hiyo ilikuwa Alhamisi asubuhi.

Huku kwetu jiwe la mpaka halisimikwi hivihivi. Siku ya kulisimika, askari huvunja kigae cha paa juu ya goti lake, vipande vitatu. Viwili huzikwa chini ya jiwe, navyo huitwa mashahidi. Cha tatu hufungwa kipande cha ngozi chenye namba ya jiwe, kikawekwa kwenye kifuko cha karani. Kisha mtoto mmoja wa kijiji huchapwa kofi la nguvu mbele ya jiwe, ili asahau mengine yote duniani lakini mahali hapo asipasahau, halafu hupewa tini kavu anyamaze. Mwizi wa ardhi anaweza kuhamisha jiwe, anaweza hata kuzika vigae vyake mwenyewe. Kimoja tu hawezi: kuvifanya vioane na kile kilicho kwenye kifuko.

Kifuko cha mpaka huu kilitunzwa kwenye monasteri, kimepigwa lakiri mbili, moja ya kila mfalme. Namba zilizokuwa ndani aliziandika Soeiro mwenyewe, miaka ishirini na sita iliyopita, alipokuwa karani mwenye ndevu za kuhesabu.

Vipande viwili vilionekana upesi. Lakini viligoma kutoka. Soeiro aliinama zaidi, akaona sababu. Mzizi wa mwaloni, mnene kama kidole gumba, ulikuwa umepita kati ya vipande viwili na kuvikumbatia. Aliukata huku na huku, akavitoa vigae, na kabla hajaijua sawasawa nia yake, akauficha mzizi ndani ya mkono wa kanzu.

"Kuna nini tena huko?" Nuño aliuliza.

"Hakuna. Udongo mgumu."

Waliviweka vile viwili kwenye ubao mbele ya watu wote. Vilioana vyenyewe kwa vyenyewe, na ikabaki pembe moja wazi. Nuño alivunja lakiri, akatafuta kipande chenye namba tisa, akakisogeza kwenye ile pembe. Akakigeuza. Akakigeuza tena.

"Havioani," alisema.

Upande wa Robledino ulilipuka kwa kelele. "Si tuliwaambia? Ni nyumba ileile!" jamaa mmoja alipaza sauti. "Kaka mkono mmoja, mdogo mtu mkono mmoja! Nyumba nzima itabaki na mikono miwili, wataazimana wakienda kula!"

Watu wakacheka, na baadhi ya waliocheka, nasema kweli, walikuwa wa Mourel.

Aliyetukanwa alikuwepo. Lopo, kaka yake Paio, alisimama nyuma kabisa, mkono wa kulia wa shati lake umeshonwa chini ya kiwiko. Miaka kumi na moja nyuma palikuwa na kesi ya jiwe la nane, bonde la pili kutoka hapo. Kifuko kilikuwa hikihiki, jaribio lilikuwa hilihili, na vigae havikuoana. Aliyesoma hukumu ile alikuwa Soeiro.

Soeiro hakutazama nyuma. Alikuwa anafikiri juu ya mzizi. Paio alidaiwa kulihamisha jiwe wiki ya Pasaka, na sasa ilikuwa Juni. Hakuna mwaloni uotao mzizi wa namna ile kwa majuma tisa. Mashahidi wale walikuwa wamelala pale miaka mingi, na kama walikuwa wamelala pale miaka mingi, basi mwongo hakuwa jiwe. Mwongo alikuwa kifuko. Uso ulimwaka moto kama mtu aliyekamatwa anaiba mayai.

*

Walimhoji Paio barazani pa kanisa. Nuño alinyoosha mguu juu ya benchi. Soeiro alibaki amesimama.

"Mtaimbo ulikuwa wa nini?" Nuño alianza.

"Wa kuinulia jiwe, bwana. Lilikuwa limeinama."

"Lilijiinamisha lenyewe?"

"Fahali wa Robledino anajikuna pale kila siku Mungu aletayo. Nendeni mkaangalie, manyoya yake yamejaa tele."

Soeiro alikwisha kuyaona. Yalikuwa mekundu, yamenasa kwenye mikwaruzo ya jiwe, kimo cha bega la fahali.

"Mbona hukuita watu wakusaidie?" aliuliza.

"Niwaite waje wanikute mimi, mdogo wake Lopo, nimekumbatia jiwe la mpaka? Bwana wangu!"

"Si ungeliacha."

"Likianguka ningeambiwa nimeliangusha. Nikiliinua naambiwa nimelihamisha. Niambie wewe uliyesoma, ningefanya lipi?"

Nuño alianza kucheka, akaona uso wa kijana, akajikohoza.

"Nina swali moja na mimi," Paio alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mkasi wa manyoya unashikwa kwa huu." Aliinua mikono yake iliyofungwa, akatikisa wa kulia. "Tangu nina miaka kumi na minne huu ndio unaomlisha kaka, shemeji na mimi. Jumamosi mkiukata, nani atakayetulisha? Mapatano yenu yameliandika hilo mahali?"

Soeiro aliuliza jambo ambalo Nuño hakulitarajia.

"Vile vigae viwili vya jiwe la nane, vya kesi ya kaka yako. Vilikwenda wapi?"

"Muulize shemeji. Si mlimtupia miguuni?"

*

Nyumba ya Lopo ilikuwa ya mwisho kijijini, mawe makavu na paa la nyasi. Dórdia, mkewe, alikuwa akikata kabichi kwenye sinia. Alimwona Soeiro mlangoni, kifuko begani, na kisu hakikusimama.

"Karibu, bwana. Siwezi kusema umepotea njia."

"Nimekuja kuuliza jambo."

"Wewe kazi yako si ndiyo hiyo? Uliza."

"Vigae vya jiwe la nane."

Kisu kikasimama. Dórdia alifuta mikono kwenye aproni, akaenda kwenye sanduku la unga, akaingiza mkono hadi chini. Alichotoa kilikuwa kimefungwa katika kitambaa cha kitani kilichopauka. Soeiro alihitaji muda kutambua kwamba ni mkono wa shati, uliokatwa kwenye kiwiko.

"Nilijua kuna siku mtu atauliza," Dórdia alisema. "Nilidhani angekuja mapema kidogo."

Aliviweka mezani. Vilikuwa vipande viwili vya kigae chekundu. Soeiro alikaa bila kukaribishwa.

"Mimi ndiye niliyepigwa kofi kwa jiwe lile," Dórdia aliendelea. "Nilikuwa na miaka tisa. Aliyenipiga ni wewe, hukumbuki?"

"Watoto walikuwa wengi siku zile."

"Mimi nakukumbuka. Vidole vyako vilikuwa na wino. Nilirudi nyumbani nimechorwa shavu zima, mama akadhani nimepigwa na shetani." Alitabasamu kidogo, akaacha. "Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kuua vifaranga. Ulijaribu kuandika, wino ukakimbia. Ukatukana tusi ambalo sikuwa nimelisikia bado, ukakitia kigae mfukoni."

"Bila namba?"

"Mimi namba nazijulia wapi? Nakwambia nilichoona. Nikawafuata hadi jiwe la tisa, nilitaka tini nyingine. Na kule pia wino ukakimbia, na kigae cha kule ukakitia mfuko uleule."

"Mtoto anayelia haoni vizuri, mama."

"Mtoto aliyepigwa huona kila kitu, bwana. Si ndiyo kazi ya kofi?"

Kila neno lilikuwa kweli. Jioni ile, kwenye nyumba ya wageni, amelowa chapachapa na ana njaa, Soeiro alivitoa vipande viwili mfukoni, akavitazama, akafunga nane kwenye kimoja na tisa kwenye kingine. Kesho yake aliapa mbele ya altare kwamba kila kipande kiliandikwa namba palepale kwenye jiwe lake.

Alifungua kifuko. Akatoa kipande chenye namba tisa, kilekile kilichokataa mbele ya vijiji viwili asubuhi hiyo, akakisogeza kwenye vigae vya jiwe la nane.

Kiliingia. Mfinyanzi aliyetengeneza kigae kile alikuwa amepitisha vidole vitatu juu yake kikiwa kibichi, na michirizi yake sasa ilipita juu ya vipande vyote vitatu bila kukatika.

Dórdia alitazama michirizi ile. Kisha akaitazama ngozi iliyofungwa kwenye kipande.

"Hapo pameandikwa ngapi?"

Hakujua kusoma. Soeiro angeweza kumwambia namba yoyote aliyotaka, na alilijua hilo, na jambo la kwanza lililomjia kichwani lilikuwa kumdanganya. Ndipo mlango ukatiwa giza na Lopo akaingia, mwanakondoo kwapani mwa kushoto. Alimshusha mnyama taratibu, akamwinamia mgeni.

"Bwana msaili. Mke wangu, mgeni hajapewa hata kinywaji?"

Alichukua kibuyu cha divai mwenyewe, akakibana chini ya kigutu, akang'oa kizibo kwa mkono wa kushoto, akamimina bila kumwaga tone. Ulikuwa ufundi wa miaka kumi na moja. Akamsogezea kikombe.

"Ni ya nyumbani, si kali."

Soeiro alikishika kikombe, hakuweza kunywa. "Nataka kuviazima vigae hivi," alisema, akitazama meza.

"Mara ya kwanza mlivitupa," Dórdia alisema. "Safari hii mnaviazima."

"Mpe, Dórdia," Lopo alisema kwa upole. "Kama vitamsaidia Paio, mpe."

Aliondoka navyo mbiombio, kikombe kimejaa mezani, kama mwizi aliyesikia mbwa. Mtu aliyekuwa amewamaliza watu wale alikuwa amekaa mezani pao na hakuwaambia.

*

Nuño alisikiliza yote akiwa ameketi kwenye mzizi wa mti, nyumbu wake akila majani kando. Alivishika vipande, akavioanisha, akavitenganisha, akavioanisha tena.

"Kesi ya Lopo," hatimaye alisema. "Siku ile, ulikumbuka mambo ya mvua?"

"Nilikumbuka."

"Ulikumbuka na ukasoma hukumu?"

"Kama mtu aliyetoka nyumbani akajiuliza kama ameuzima moto. Nikajiambia nimeuzima. Nilikuwa nimepewa muhuri mwezi uleule, Nuño. Bwana mkubwa aliyenipa huo muhuri alikuwa ameketi anasubiri. Nikajiambia nimeuzima."

Nuño alipuliza pumzi kwa nguvu. "Mzizi unao?"

Soeiro akautoa kwenye mkono wa kanzu.

"Basi sikiliza. Mzizi huu unatosha. Tunawaambia watu jiwe la tisa halijahamishwa, mzizi ndio ushahidi, na kipande cha kifukoni kiliharibika monasteri. Paio anaachiwa, watu wanakwenda kula. Kwa nini tufukue ya nane?"

"Lopo..."

"Mkono wa Lopo umeshaoza zamani, hatutaurudisha. Na malisho ya jiwe la nane yana kondoo mia nne wa Robledino tangu kesi ile. Unataka mimi niwaambie watoke? Halafu kuna kifungu cha sita cha mapatano. Anayetia uongo katika ushahidi wa jiwe..."

"...hukumu yake ni ya aliyelihamisha. Nakijua. Ni mwandiko wangu."

"Basi usiwe mjinga. Ulikuwa mzembe siku moja ya mvua. Kaa nalo mwenyewe, ufe nalo."

Soeiro aliutazama mkono wake wa kulia. Wino ulikuwa kwenye vidole vilevile.

"Sawa," alisema.

Ndiyo, alikubali. Sitamficha.

*

Ijumaa asubuhi watu walikusanyika tena kwenye jiwe la tisa. Nuño alisimama kwa shida, akainua mzizi juu, akaeleza. Wakata kuni wa Robledino waliitwa wautazame, wakaupima kwa vidole, wakahesabu miduara yake pale ulipokatwa.

"Miaka ishirini haipungui," mkubwa wao alisema, kwa uchungu, lakini alisema. "Jiwe halijatoka hapa."

Paio akafunguliwa kamba. Alikaa chini kwenye majani, mkono wa kulia ameushika kwa wa kushoto, akalia bila kuficha uso.

Lilibaki jambo moja la desturi. Mkubwa wa nyumba ya mshitakiwa huweka mkono juu ya jiwe na kuapa kwamba ameridhika na maamuzi wala hana kinyongo na upande wowote. Lopo alisogea mbele, akauweka mkono wa kushoto juu ya jiwe.

Kasisi wa kanisa lile alikuwa mgeni, wa mwezi wa pili tu, macho yake kwenye kitabu. "Wa kulia, mwanangu," alisema kwa mazoea.

Hakuna aliyecheka safari hii. Lopo alijaribu kutabasamu, kisha akauinua ule mkono ulioshonwa na kuulaza kwenye jiwe kando ya ule mzima, kitambaa kitupu, akasubiri aambiwe kama unafaa.

"Ngoja," Soeiro alisema. "Usiape."

"Soeiro," Nuño alimwonya.

"Usiape, Lopo. Nimekudanganya jana mezani kwako kwa kunyamaza, na leo nilitaka kukudanganya tena."

Alifungua kifuko, akavipanga vigae kwenye ubao ili kila mtu avione. Kwanza vya jiwe la nane, vile vya Dórdia, na kipande chenye namba tisa: vilioana. Kisha akatoa kipande cha zamani chenye namba nane, kilichofungwa uzi mweusi kwa kuwa kesi yake ilikwisha, akakisogeza kwenye mashahidi waliotolewa chini ya jiwe la tisa. Nacho kikaingia.

"Namba zilibadilishana," alisema. "Nilizibadilisha mimi. Vigae vyote viwili vilikaa mfukoni mwangu mpaka jioni, nikaviandika kwa kubahatisha, kesho yake nikaapa uongo. Jiwe la nane halikuhamishwa. Lopo hakuhamisha kitu. Siku ya kesi yake nilikumbuka haya yote, nikasoma hukumu hivyohivyo."

Yule jamaa wa Robledino aliyefanya mzaha jana alivua kofia, akawa anaizungusha mikononi.

Nuño alitazama vigae, akamtazama mwenzake wa miaka kumi na moja. Uso wake mnene ulikuwa umejikunja. "Nipe muhuri wako," alisema. Soeiro akautoa shingoni, akampa. "Hukumu yako si yangu. Ni ya wafalme wawili, mimi nitaandika tu nilichokiona. Utakaa monasteri mpaka jibu lije. Na Robledino," akageuka kwa watu wake, akapaza sauti, "toeni kondoo bonde la jiwe la nane kabla ya Jumapili. Msinitazame hivyo. Toeni!"

Jiwe la tisa lilisimamishwa upya. Mashahidi walirudishwa shimoni, udongo ukashindiliwa kwa miguu. Ndipo mtu mmoja akauliza nani atapigwa kofi, maana jiwe likifunguliwa lazima lipate mtu wa kulikumbuka. Akina mama waliwavuta watoto wao karibu.

"Mimi," Soeiro alisema.

Alipiga magoti mbele ya jiwe, mzee wa miaka arobaini na minane, mvi kichwani, kanzu kwenye tope, shavu amelielekeza kwa Lopo. "Nipige wewe. Tafadhali."

Lopo alimtazama kwa muda mrefu. Hasira haikuwemo usoni mwake; labda ingekuwa afadhali kama ingekuwemo.

"Mkono wangu wa kupigia ndio ule mliouchukua, bwana," alisema, akamwinua Paio kwenye majani, wakaanza kuteremka.

Dórdia hakuwafuata. Alikuja mbele, akafuta kiganja kwenye aproni, akakichapa kwenye shavu la msaili kwa nguvu zake zote. Kofi lile lilisikika hadi kwa kondoo. Soeiro aliyumba, akashika jiwe asianguke. Na pale alipokuwa amepiga magoti, macho yamejaa machozi, mkono wake wa kulia ulijinyoosha wenyewe mbele, kiganja juu, kama wanavyofanya watoto wote wakishapigwa kwenye jiwe.

Dórdia alikitazama kile kiganja chenye wino.

"Tini hakuna, bwana," alisema, akawafuata wanaume wake.